Honi imelia mpira ukiwa hewani: mtupo huru urudiwe?

SWALI: Mimi ni refa, nachezesha ligi ya mkoa ya mpira wa kikapu. Zikiwa zimebaki sekunde 8, mchezaji alikuwa anapiga mtupo huru wa mwisho (mtupo wa bila kuzuiwa unaotolewa baada ya faulo). Mpira ulishatoka mikononi, mtunza muda akagusa honi kwa bahati mbaya. Ukagonga ringi ukatoka. Kocha akafoka, refa mwenzangu akaamuru urudiwe. Alikuwa sahihi?

JIBU: Hapana. Honi ya meza ya mtunza muda haisimamishi mchezo wala haiui mpira, yaani mpira unaendelea kuchezwa. Ribaundi, yaani mpira uliokosa na kurudi uwanjani, ilipaswa kugombewa kama kawaida.

Huu ugonjwa wa "amesumbuliwa, arudie" umeenea mno. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, usumbufu unaompa mtupaji mtupo mwingine ni wa mpinzani tu, tena mtupo uwe umekosa: beki kaingia ndani kabla mpira haujatoka mikononi, au kampungia mikono. Mpira ukiingia, pointi inahesabiwa, kosa linaachwa. Shabiki mwenye vuvuzela si mpinzani. Kiti kilichoanguka si mpinzani. Mtunza muda naye si mpinzani, hata kama kocha anaamini hivyo.

Refa ana nafasi ya kuingilia kabla ya mpira kuondoka. Kama hujampa mtupaji mpira na kuna mpira wa uwanja wa jirani unabingirika kuja, subiri uondolewe. Kama ameushika na taa zikazimika au honi ikalia, piga filimbi papo hapo, chukua mpira, tuliza watu, mpe upya; sekunde 5 alizonazo za kutupa zinaanza mwanzo. Ukishatoka mikononi, ondoa filimbi mdomoni. Mtupo wa mwisho ukikosa na kuna mpira wa pili miguuni mwa wachezaji, hapo simamisha kwa usalama. Kama hakuna aliyeudaka mpira wa mchezo, mshale wa zamu, ule wa mezani unaoonyesha timu ipi ni zamu yake kupewa mpira, ndio unaoamua.

Wanaonichosha ni wanaojifunza sheria kwa vipande vya video vya Marekani, ambako mtupaji ana sekunde 10, kisha wanakuja kubishana kwenye mechi ya FIBA. Fungua kitabu cha kanuni, kifungu cha 43.

Na mtupo uliotolewa bila haki, kama ule wa mwenzako, ni kosa linalosahihishika kwa muda mfupi tu: saa ikishaanza tena, mpira ukafa mara ya kwanza (mchezo ukasimama) kisha ukawa hai, pointi iliyopatikana inabaki kwenye karatasi ya mechi.