Kabla hujachora reli nyepesi, soma ukurasa wa pesa

Kila mwaka huingia vijana wapya katika ofisi za mipango huku magharibi mwa Kenya, na kila kundi lina mmoja mwenye mchoro wa reli nyepesi, yaani treni ndogo za abiria wa mjini, mkobani: Ahero hadi Kisumu mjini, Maseno hadi Kisumu, au Njoro hadi Nakuru. Michoro huwa mizuri, wakati mwingine kuliko ya washauri wanaolipwa mamilioni. Ukifika ukurasa wa fedha unakuta mstari mmoja tu: "mfadhili: washirika wa maendeleo". Hiyo ni ahadi ya harambee. Jina limetajwa na watu wamepiga makofi, lakini kikapuni hakuna kitu.

Someni kwanza yaliyotupata wenyewe. SGR, reli mpya ya geji pana, ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na mwaka 2019 ikafika upande wa Naivasha. Kipande cha kuja Kisumu ndicho kilichokuwa kikifuata. Aprili 2019 Rais Uhuru Kenyatta alikwenda Beijing, huku wengi wakitarajia arudi na mkopo wa kipande hicho. Alirudi bila mkopo huo. Serikali ikageukia kukarabati reli ya zamani ya geji ya mita, ile iliyofika ziwani mwaka 1901, na Desemba 2021 treni ya abiria ikarejea Kisumu kupitia njia hiyo.

Wengi huikumbuka habari hii kama kisa cha mkopeshaji aliyekunja mkono. Mimi nawaomba mwitazame kwa jicho la mpangaji. Reli ya kufika Naivasha ilipata maana yake kubwa kutokana na mizigo ya Uganda na nchi za mbele, yaani ilitegemea vipande ambavyo bado havikuwa na hela. Mikopo ya reli husainiwa awamu kwa awamu. Basi kila awamu ipimeni kana kwamba hakuna nyingine itakayoifuata. Hela zikiishia Kondele, mtaa wa Kisumu, treni itakuwa na kazi gani? Itageuzia wapi? Nimewahi kupewa mpango nisome ambamo karakana ilisukumwa hadi awamu ya pili kwa sababu ardhi yake ilikuwa ghali. Awamu ya kwanza ikawa rahisi sana kwenye karatasi, ila treni zake hazikuwa na pa kufanyiwa matengenezo.

Halafu ulizeni nani ana ruhusa ya kukopa. Katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, reli ni jukumu la serikali ya kitaifa. Kaunti ina usafiri wa kaunti na barabara zake. Kifungu cha 212 nacho kinasema kaunti inaweza kukopa tu ikiwa serikali ya kitaifa imedhamini mkopo na bunge la kaunti limeidhinisha. Kwa hiyo gavana akitangaza reli jukwaani, ninyi andikeni sifuri mpaka muone barua ya Hazina ya Kitaifa. Na hata mgao wa kawaida kutoka Nairobi huchelewa. Mfanyakazi yeyote wa kaunti aliyewahi kungoja mshahara anajua.

Mradi ukivuka mipaka, tabu inazidi. Chukueni njia ya zamani ya Butere, ambayo mara nyingi hutajwa kama mahali pa kuanzia. Ukitoka Kisumu ukapita Maseno, unaingia Luanda, nayo ni Vihiga. Yala ni Siaya. Butere ni Kakamega. Hayo ni mabunge manne ya kaunti, kila moja na bajeti yake na mawadi yake yanayodai kituo. Magavana wanaweza kukaa meza moja katika umoja wa kaunti za ziwa wakakubaliana vizuri kabisa, lakini umoja huo haupitishi bajeti ya kaunti yoyote. Kisha wekeni ratiba ya ujenzi kando ya Agosti 2027, mwezi wa uchaguzi, muone malipo gani yanaangukia mikononi mwa watu ambao bado hawajachaguliwa.

Ardhi nitaigusa kwa ufupi: wakopeshaji wa nje kwa kawaida hawalipii fidia. Hiyo hutoka kwa serikali yetu, na ikichelewa, mkandarasi aliyekwisha kuleta mitambo anadai malipo ya kukaa bure. Tengeni fungu hilo peke yake, mwanzoni.

Sarafu nayo ihesabuni kwa mkono, msiachie kompyuta. Mwaka 2017 dola moja ilikuwa kama shilingi 103. Januari 2024 ikapita 160. Deni la dola milioni 100 lilitoka shilingi bilioni 10.3 hadi bilioni 16 bila reli kuongezwa hata mita moja. Abiria wa Kibos atalipa nauli kwa shilingi. Mwaka 2025 Kenya ilihamisha mikopo ya SGR kutoka dola kwenda yuan, sarafu ya China, ili kupunguza gharama. Riba inaweza kushuka kwa njia hiyo, ila hatari ya sarafu ya kigeni bado ipo.

Abiria wenyewe ndio huongezewa chumvi kuliko kitu kingine. Mtafiti wa miradi mikubwa Bent Flyvbjerg na wenzake walipolinganisha makadirio na hali halisi ya miradi ya reli duniani, walikuta abiria waliopatikana ni karibu nusu ya waliotabiriwa, na gharama kuzidi kwa asilimia 45 kwa wastani. Huku kwetu kuna boda boda inayomfikisha mtu mlangoni, na matatu inayosimama popote. Kwa Gautrain ya Afrika Kusini, serikali ya jimbo la Gauteng ilimwekea mwendeshaji dhamana ya mapato, ikawa inalipa pengo mwaka baada ya mwaka. Addis Ababa ilizindua reli nyepesi mwaka 2015 kwa treni 41. Baadaye nyingi zikalala karakanani kwa kukosa vipuri na fedha za kigeni za kuvinunua.

Kwa hiyo kata idadi ya abiria wako kwa nusu, kisha hesabu upya. Pengo litakalobaki liandikie jina la ofisi itakayolilipa kuanzia mwaka wa kwanza, na ipeleke karatasi hiyo kwa mkuu wa ofisi hiyo aitie sahihi. Akikataa, peleka mabasi kwanza.