Kusoma malezi ya watoto haiskuli: ya kujua kabla hujajaza fomu

Kila mwaka wanafunzi wanapokaribia kuchagua masomo, simu yangu hujaa ujumbe wa sauti kutoka kwa wazazi wa Kikongo hapa Louisville. Binti anataka kusoma malezi na makuzi ya watoto wadogo, mama anataka asome unesi, na baba anauliza swali ambalo nimelisikia hadi nimelikariri: "Mwanangu, huyu si amelea wadogo zake tangu tukiwa kambini Nyarugusu, Tanzania? Shule inataka kumfundisha nini tena?"

Mimi niliisoma kozi hiyo nikiwa haiskuli hapahapa Kentucky, na sasa ni mwalimu wa darasa la watoto wa miaka mitatu na minne. Kwa hiyo nawajibu wote kwa pamoja. Asome, ila asiingie kama mtu anayekwenda kupumzika baada ya hesabu na kemia. Aingie akijua anatafuta cheti cha CDA (Child Development Associate, cheti cha kazi ya malezi ya watoto wadogo), na kuanzia wiki ya kwanza afanye mambo yake akikilenga hicho. Akitoka na alama nzuri bila cheti, mwajiri atampokea kama mtu yeyote aliyetoka mtaani.

Hii ni kozi ya ufundi kama zilivyo uchomeleaji, umeme na ufundi magari. Serikali kuu ya Marekani imekuwa ikichangia masomo ya aina hii sekondari tangu sheria ya Smith-Hughes ya mwaka 1917, na siku hizi fedha hupitia sheria ya Perkins iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2018. Nalitaja hili kwa sababu wazazi wengi wanaogopa kwamba mtoto amewekwa kwenye darasa la walioshindwa. Hofu hiyo naielewa, kule tulikotoka aliyefeli ndiye aliyeambiwa akajifunze ufundi. Hapa mwanafunzi anaendelea na hesabu, Kiingereza na sayansi kama wenzake, na akitaka chuo kikuu mlango uko wazi.

Sasa cheti chenyewe. CDA hutolewa na Council for Professional Recognition, yenye makao Washington. Kinatambulika nchi nzima, kwa hiyo ukihamia Texas au Iowa unahama nacho (na sisi tunavyopenda kuhama kufuata ndugu!). Mwanafunzi wa darasa la 11 au 12 aliye kwenye kozi ya ufundi ya malezi anaruhusiwa kukiomba kabla hata hajamaliza shule. Anatakiwa awe na saa 120 za masomo, saa 480 za kufanya kazi na watoto, jalada la kazi zake, afanye mtihani wa maswali 65, na mtaalamu aje amtazame akiwa na watoto darasani.

Saa 120 hazisumbui, ukihudhuria vipindi zinajaa zenyewe. Saa 480 ndizo zinazowakwamisha watu. Piga hesabu: ukienda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo na watoto, saa mbili kila siku ya shule, ni saa 10 kwa wiki. Mwaka wa shule una wiki kama 36, kwa hiyo hata usipokosa siku moja unaishia kwenye 360. Mtu anafika mwezi wa tano wa darasa la 12 amepungukiwa saa mia na zaidi, na hana tena fildi ya shule. Anayeanza fildi darasa la 11, au anayetafuta kazi ya likizo kwenye kituo cha watoto, hapati shida hiyo. Na saa hizo zinatakiwa ziwe ndani ya miaka mitatu kabla ya kuomba, na za kundi moja la umri: ama watoto wachanga hadi chini ya miaka mitatu, ama wa miaka mitatu hadi mitano. Ukikaa nusu mwaka chumba cha wachanga, kisha nusu mwaka kwa wakubwa, umejifunza mengi lakini hesabu yako imekatika vipande. Chagua kundi lako mapema na umwambie mwalimu.

Kulea wadogo zako nyumbani hakuhesabiwi. Kushika watoto wa kanisa zima kila Jumapili nako hakuhesabiwi. Kinachotakiwa ni kituo kilichoidhinishwa. Nunua daftari dogo, andika tarehe, saa ya kuingia na ya kutoka, na kila Ijumaa mwombe mwalimu wa kituo atie sahihi. Vituo hubadilisha wasimamizi kila mara, na yule anayekujua leo, ukija kumtafuta mwakani akuthibitishie saa zako, unaweza kukuta keshaondoka.

Jalada nalo lianze mapema. Linahitaji vitu kama cheti cha huduma ya kwanza kwa watoto, mpango wa masomo na orodha ya vyakula vya wiki, maandishi yako kuhusu kazi, na dodoso unazowapa wazazi wa watoto unaowahudumia. Hizo dodoso, usingoje wiki ya mwisho. Wazazi wanakuja kuchukua watoto wakiwa wamechoka, karatasi zinaishia chini ya kiti cha gari.

Nirudi kwa baba na swali lake. Ni kweli, aliyelea wadogo zake ana mikono. Anajua kubeba, kulisha, kubembeleza, kujua kilio cha njaa na kilio cha usingizi. Katika fildi nimewaona wenzangu wa Kimarekani wakiogopa hata kumshika mtoto wa miezi minne, huku wasichana wa kwetu wameshampakata na wanaendelea na mazungumzo. Lakini kuna jambo moja ambalo nyumbani hatulifanyi, nalo ndilo kiini cha kozi yote: kukaa pembeni na kumtazama mtoto bila kumgusa, kisha kuandika.

Unachukua daftari, unamchagua mtoto mmoja, unaandika anachofanya kwa dakika kumi. Anachofanya tu. Mwanafunzi akiandika "leo alikuwa mkorofi", mwalimu anapiga mstari juu ya neno hilo na kuuliza: ulimwona akifanya nini? Basi inaandikwa upya. Saa 4:10 alichukua gari jekundu. Mwenzake alipolishika alilivuta, akapiga kelele, akaliacha, akaenda kukaa chini ya meza. Alikaa huko hadi wimbo wa kukusanya vitu ulipoanza. Ukisoma maandishi ya siku moja huoni kitu. Kwenye darasa moja tulimwandika mtoto hivyo kwa wiki kadhaa, na yalipowekwa pamoja ikaonekana anakimbilia chini ya meza kila chumba kikiwa na kelele, na akiitwa kwa nyuma hageuki. Mama yake akaombwa ampeleke kupima masikio. Alikuwa na maji nyuma ya ngoma ya sikio, kitu cha kawaida kabisa kwa umri ule, lakini watu wote walikuwa wamekwisha kumwita mkaidi.

Kwa wanafunzi ambao Kiingereza bado kinawapa tabu, maandishi haya ni zawadi. Hayataki misamiati mikubwa. Yanataka vitenzi: alishika, alisukuma, alicheka, aligeuka. Nilijifunza Kiingereza cha kuandika pale zaidi ya darasa la Kiingereza lenyewe, na mwalimu wangu wa Kiingereza asinisikie.

Mambo mengine yatazua ubishi nyumbani, jiandae. Mtoto mchanga analazwa chali, godoro gumu, bila mto, bila blanketi. Marekani ilianza kampeni kubwa ya kulaza watoto chali mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya wachanga usingizini vimepungua kwa karibu nusu tangu miaka hiyo. Bibi atakwambia alilaza watoto wanane kifudifudi na wote wako hai. Usibishane naye, mlaze mtoto chali. Kubadilisha pampasi nako kuna utaratibu wake: glavu, mkono mmoja usiondoke juu ya mtoto hata sekunde, meza inafutwa dawa, unanawa wewe na mtoto naye ananawishwa. Mama yangu alipoona nafanya vile kwa mtoto wa jirani alicheka hadi akakaa.

Kinachowakera wazee zaidi ni kuchuchumaa. Mwalimu anashuka chini hadi macho yake yalingane na ya mtoto, anamwambia la kufanya badala ya kumkemea, "tembea polepole" badala ya "usikimbie!". Wazee wanaona tumewapa watoto kiti cha ubalozi. Kwa maoni yangu njia hii inafanya kazi, ila sikubaliani na anayetoka kozi hiyo akidharau malezi ya kwetu. Mtoto kubebwa mgongoni, kucheza na wakubwa na wadogo pamoja, kutumwa chumvi kwa jirani akiwa na miaka minne na kurudi nayo: vitabu vya kozi vinavisifu vitu hivyohivyo, vimevipa majina marefu tu.

Na kwa anayesema "wanacheza tu", mwambie kuhusu Ypsilanti, Michigan. Kuanzia mwaka 1962 watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani weusi waligawanywa makundi mawili, 58 wakapata chekechea nzuri na 65 hawakupata. Watafiti waliendelea kuwafuatilia hadi utu uzima. Walipofika miaka 40, waliosoma chekechea walikuwa na kipato kikubwa zaidi na walikuwa wamekamatwa na polisi mara chache zaidi. Walikuwa wakicheza, ndiyo, lakini na walimu waliojua wanachofanya.

Pesa. Hapa sitapaka rangi. Mwaka 2023 mshahara wa kati wa mlezi wa watoto Marekani ulikuwa dola 14.60 kwa saa. Maghala ya hapa Louisville yanalipa zaidi ya hapo kwa kijana asiye na cheti chochote. Anayetaka pesa ya haraka aende ghalani, sitamlaumu. Lakini ghalani hupandi kwa kusoma, na huku kuna ngazi. Mwalimu msaidizi wa Head Start, chekechea za serikali kuu kwa familia za kipato cha chini, anatakiwa angalau awe na CDA au awe njiani kuipata, kwa hiyo ukiwa nayo una mguu ndani. Komyuniti koleji nyingi hukuhesabia CDA kama sehemu ya masomo ya diploma. Ukifika digrii na leseni ya ualimu wa watoto wadogo, hapa Kentucky unaweza kufundisha chekechea ya shule ya umma, na huko mshahara ni wa mwalimu. Mwaka 2022 pia Kentucky ilianza kuwalipia wafanyakazi wa vituo vya watoto gharama za malezi ya watoto wao wenyewe bila kujali kipato. Mama kijana mwenye watoto wawili anajua hiyo ni pesa kiasi gani.

Kwa mama anayetaka unesi: haya mawili hayagombani. Wapo niliosoma nao walioingia unesi wa watoto, na mmoja anasomea tiba ya kuongea. Wavulana pia waje. Darasani kwetu walikuwa wachache mno, na watoto waliwaganda kama kupe.

Kuhusu lugha yetu. Mtoto aliyefika juzi, anayelia mlangoni "namtaka mama", akijibiwa kwa Kiswahili hunyamaza kidogo akusikilize, na msimamizi wa kituo anaona hilo mara moja. Sema mapema kwenye maombi ya kazi kwamba unazungumza Kiswahili, na Kinyarwanda au Kibembe kama unacho. Ila weka mpaka. Kumwambia mzazi kwamba kesho kuna safari ya bustani, sawa. Kikao cha kueleza kwamba mtoto ana tatizo la ukuaji hicho ni cha mkalimani aliyefunzwa, na taasisi inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kumpatia mzazi huduma hiyo bila malipo. Binti wa miaka 17 asibebeshwe habari kama hizo.

Ukikaa na mshauri wa shule kujaza fomu, muulize wanafunzi wangapi wa kozi hii walipata CDA mwaka jana. Muulize fildi inaanza darasa la ngapi, na ada ya kuomba CDA inalipwa na nani, kwa sababu shule nyingine huilipa na nyingine zinakuachia wewe. Kisha muulize fildi iko wapi. Kama haiko ndani ya shule, angalia basi la TARC linalofika huko na linalokurudisha saa ngapi, hasa kama wewe ndiye unayempokea mdogo wako jioni.