Vitunguu vimenishinda na mwenzangu hajui

Barua zenu zinajibiwa na Bibi, muuguzi mkunga mstaafu, Tanga

Shikamoo Bibi. Mimi ni mama lishe, tuna kibanda Buguruni mimi na mwenzangu, mwaka wa tatu sasa. Nina mimba ya wiki saba. Vitunguu vikiingia tu kwenye mafuta ya moto, mimi huyo nyuma ya kibanda natapika. Na mate ndiyo usiseme, natembea na kopo. Mume wangu na mama yake wamenikataza kumwambia mtu mpaka miezi mitatu ipite, eti watu wana macho. Mwenzangu ameanza kununa. Juzi kasema mbele ya wateja kwamba kama nimechoka kazi niseme, tugawane masufuria. Nifanyeje?
*Mama Lishe, Buguruni*

Marahaba mwanangu. Mwambie, na umwambie kesho asubuhi kabla moto haujawashwa.

Simpuuzi mkweo. Hii desturi ya kuficha mimba changa ina maana yake, ukiacha hayo ya macho. Katika kila mimba 10 zinazojulikana, moja au mbili huharibika, na nyingi ya hizo hutoka ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Mwanamke aliyetangaza mapema huja kuulizwa na mtaa mzima, kuanzia muuza genge mpaka fundi cherehani. Ni mzigo juu ya mzigo. Lakini wazee wetu walificha mimba kwa majirani, si kwa wanawake wa nyumbani. Mama, dada na shangazi walikuwa ua mmoja na wewe. Wakiona umeacha chai na unasinzia mchana, walikutoa kwenye mchi bila kuuliza. Wewe leo uko Buguruni, ua wako ni hicho kibanda, na wa kukutoa kwenye mchi ni huyo anayenuna.

Halafu nikuchekeshe kidogo: kama mwenzako amewahi kuzaa, ana habari zake. Mwanamke aliyezaa hahitaji kipimo cha duka la dawa kumjua anayetema mate kwenye kopo. Huenda anachonunia ni kwamba hukumwambia.

Usizunguke. Sema: "Mwenzangu, mimi si mvivu, nina mimba changa. Nimekwambia wewe tu, ikae kwako." Mume naye umweleze usiku kwamba mtu mmoja wa kazini lazima ajue, maana jiko la mkaa na mafuta ya moto si mahali pa kuzungukwa na kizunguzungu peke yako. Mama mkwe muachie mwanawe amweleze.

Sasa kazi. Vitunguu na nyanya vya siku nzima mwenzako avikaange mara moja, alfajiri, wewe ufike baadaye kidogo. Wewe chukua visivyo na harufu: kuchagua mchele na maharage, kuchambua mchicha, kuosha vyombo, kupokea hela. Kaa upande upepo unakotokea, moshi uende kwa wengine. Na kwa wiki hizi, mwenzako akichukua kidogo zaidi kwenye faida ya siku, usione umeibiwa. Andikianeni. Zamu yake ya kuugua nayo itafika. Kama mnacheza upatu, mwombe kijumbe mapema akubadilishie zamu, hela yako ya kupokea iangukie karibu na kujifungua. Vijumbe wengi nilioishi nao hawana shida na hilo ukisema mapema. Shida ni kuomba zikiwa zimebaki siku mbili.

Tumbo lenyewe: usiamke na kusimama papo hapo. Weka kando ya kitanda kipande cha mkate mkavu au muhogo uliochemshwa jana, ule ukiwa umelala, utulie kidogo ndipo uinuke. Kula kidogo kidogo, kila saa mbili au tatu, kwa sababu tumbo tupu ndilo linalochafuka zaidi. Chakula kilichopoa hakina harufu kali kama cha moto. Tangawizi iliyopondwa kwenye maji ya uvuguvugu huwasaidia wengi. Wengine hukata ndimu wakainusa basi. Kwa mate, kitu kikavu cha kutafuna kinasaidia kiasi, na kopo lako litafutie kifuniko, usilionee haya. Kwa kawaida kichefuchefu huanza karibu na wiki ya sita, kikapanda mpaka kwenye wiki ya tisa, halafu kikaanza kukuachia. Wengi wanapumua kufikia miezi minne.

Lakini ikitokea kutwa nzima hata maji hayakai, mkojo umekuwa mchache na mweusi kama chai ya rangi, au ukisimama dunia inazunguka, hapo si suala la tangawizi tena. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Utawekewa dripu, na dawa za kuzuia kutapika zinazofaa kwa mjamzito zipo. Nimeona wanawake wanakauka mwili wiki nzima kwa kuambiwa "ndiyo mimba ilivyo, vumilia". Ushauri huo mbaya sana.

Bibi, nina wiki sita, jana na leo naona matone ya damu. Wifi yangu anasema nilale tu nisimwambie mtu.
*Msomaji, Kibaha*

Usilale, nenda kituo cha afya leo. Matone mara nyingi hukoma na mimba ikaendelea vizuri. Lakini damu ikija na maumivu makali upande mmoja wa chini ya tumbo, kizunguzungu, kuzimia, au maumivu ya ncha ya bega, hiyo inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Mrija ukipasuka unavuja damu kwa ndani na inaua. Hapo hakuna siri ya miezi mitatu. Pigia kelele hata mpangaji usiyesalimiana naye, atafute bodaboda au bajaji.

Mimba imemkataa mume wangu. Akiingia chumbani tu natapika. Yeye anasema kuna mtu amenichezea, na rafiki zake wa kijiweni wanamtia maneno kwamba mtoto si wake. Tunalala mzungu wa nne. Niko Morogoro.

Pole, ingawa wenzio wengi wakisoma hapa wanacheka, maana yamewakuta. Mimba haikumkataa mume, imekataa harufu. Pua ya mjamzito inanusa ambacho yeye mwenyewe hakukijua mwaka jana. Fanyeni uchunguzi wenu nyumbani: je, ni sigara? Mafuta ya nywele? Yale marashi ya kupuliza anayojimwagia akitoka kazini ili akupendeze? Mwambie aoge kwa sabuni isiyo na manukato, abadilishe shati kabla ya kuingia, na hayo marashi ayaweke kabatini mpaka mimba itulie. Dirisha liwe wazi.

Na umwambie kwa maneno mazuri, mchana, mkiwa nje. Mwanaume anayeona mkewe anaziba pua bila maelezo ndiye anayekwenda kutafuta maelezo kijiweni. Kama ana dada aliyezaa, mtume huyo dada. Wifi akimwambia kaka yake "hata mimi nilimfukuza shemeji yako chumbani miezi miwili", linaingia kuliko ukisema wewe.

Bibi, tupo Mbagala, nyumba ya kupanga ya vyumba sita. Tulikuwa wajawazito watatu kwa mpigo, tunataniana nani atawahi. Kliniki ya kwanza tulikwenda pamoja. Wa chumba cha nne ya kwake imetoka ina wiki kumi. Sasa hafungui mlango. Sisi wawili tukienda bombani tunapita haraka tusimuumize. Shangazi yake amekuja anasema alibeba ndoo nzito, na hizo ndoo alikuwa akitusaidia sisi. Hatulali.
*Wawili wa Mbagala*

Wanangu, barua yenu nimeisoma mara mbili.

Kwanza ndoo. Si ndoo. Mimba nyingi zinazotoka mapema hutoka kwa sababu mtoto hakutungika sawasawa tangu mwanzo, mpangilio wa vinasaba vyake ulikuwa na kasoro, na mwili ukashindwa kuiendeleza. Haikuletwa na ndoo, kupanda daladala, kugombana na mume wala jicho la mtu. Muiteni shangazi pembeni mumwambie, au mumpeleke kwa muuguzi aliyempokea mgonjwa amwambie yeye, kwa kuwa wazee wetu wanasikia zaidi kwa mwenye joho jeupe. Mkiliacha neno hilo la ndoo likae humo ndani, huyo binti atalibeba mpaka mimba ijayo, na nyie pia.

Pili, msipite haraka. Kupita haraka anakusikia. Hodi ipigwe kila siku, asubuhi au jioni, na mmoja wenu asiwe mikono mitupu: uji, maji ya kuoga yaliyochemshwa. Kanga na mashuka yaliyoingia damu yaombeni mkafue nyie, asikae nayo kwenye beseni akiyatazama. Kama ana mkubwa wa kupeleka shule, mpelekeni. Asipofungua, wekeni kibakuli mlangoni mseme, "Tumekuletea uji, tutarudi kesho."

Mdomo sasa. "Utapata mwingine", "Afadhali ilikuwa changa", "Mungu kampenda zaidi": yote hayo yawekeni. Mtu aliyeanza kuhesabu miezi hafarijiwi kwa hesabu nyingine. Semeni pole, mkae. Akitaka kulia, alie, akitaka kuzungumzia bei ya mkaa, zungumzieni mkaa. Na matumbo yenu msiyafiche chini ya kanga mbili, anajua mnayo. Mwambieni wazi: "Tukija tunajua unaumia. Ukitaka leo tusije, sema, tutakuja kesho." Muacheni achague. Wengine hutaka kushika tumbo la mwenzao, wengine hawataki kuliona kwa miezi, na wote wako sawa.

Nyie ndio mko karibu, kwa hiyo muwe macho. Damu ikijaza pedi nzima ndani ya saa moja, na saa inayofuata tena hivyo hivyo, homa, uchafu wenye harufu mbaya, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua: arudi hospitali hata kama ni usiku. Pia aangalie kwenye kadi yake kundi la damu. Kama ni hasi (Rh hasi), amuulize daktari kuhusu sindano ya anti-D, ile ya kulinda mimba zijazo. Na jambo ambalo halisemwi msibani: mimba nyingine inaweza kuingia hata kabla hajaona siku zake, yai linaweza kutoka wiki mbili tu baadaye. Kama mwili na roho bado, aombe uzazi wa mpango.

Nimezoea kula udongo, mafungu mawili kwa siku. Wifi anasema unaongeza damu. Niko Mwanza.

Hauongezi, unapunguza. Udongo hushika madini chuma tumboni yasiingie mwilini, na unaweza kuja na mayai ya minyoo au risasi, ile metali yenye sumu. Hamu yenyewe mara nyingi ni dalili kwamba damu imeshapungua. Nenda upimwe. Kwa mjamzito, wingi wa damu chini ya 11 ni upungufu. Vidonge vya damu vya kliniki meza kila siku, ukinywea maji ya ndimu au chungwa na si chai, kwa sababu chai nayo inazuia chuma. Vikikuchafua tumbo, meza usiku baada ya kula. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Huyo wifi mpe kazi: pesa za mafungu mawili ashike yeye, akununulie dagaa na mchicha.

Nafanya kazi kiwandani Arusha, nasimama kutwa, na kuna dawa kali za kusafishia. Nina wiki nane. Lazima bosi ajue?

Likizo ya uzazi haikulazimishi kusema sasa. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 unatakiwa kutoa taarifa miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Likizo ni siku 84, na 100 ukijaliwa mapacha. Lakini kwa hizo dawa, sema mapema. Sheria hiyo hiyo inamkataza mwajiri kumpa mjamzito kazi ya hatari kwa afya yake au ya mtoto, na hawezi kukuhamisha kwa mimba asiyoijua. Omba kwa barua, baki na nakala. Kama kuna mwanamke kwenye tawi la chama cha wafanyakazi, anza naye.

Bibi, mimi ni mwanaume, Dodoma. Mke wangu ana miezi miwili. Anataka twende wote kliniki. Mimi naona ni mambo ya kina mama, aende na dada yake.

Siku ya kwanza nenda wewe. Siku hiyo wanapima Virusi vya UKIMWI na kaswende, na haina maana mkeo apimwe na kutibiwa halafu arudi kwako usiyepimwa. Vipo vituo vinavyomrudisha mama aliyekuja bila mwenza au kumtaka barua ya mwenyekiti wa mtaa. Hilo silipendi, linawaonea wajane na walioachwa, ila wewe upo na una miguu.

Nendeni kabla ya wiki ya 12. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linataka mahudhurio manane, si manne tena. Mkeo aandike tarehe ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho, ataulizwa. Mwulizie chandarua pale pale. Dawa ya kukinga malaria, ile SP, hataanzishiwa sasa, inaanza mwezi wa nne. Akipata homa kabla ya hapo asinunue dawa kwa kubahatisha, apimwe, na ikiwa ni malaria kituo kina dawa ya kumpa.

Foleni ni ndefu, kwa hiyo mfike mapema, naye abebe kitu cha kutafuna. Dada yake atampeleka mara zinazofuata.