Nyumba ina kisima uani: nikague nini kabla ya kulipa?

SWALI: Nimeoneshwa nyumba inayouzwa Makorora, Tanga. Ina kisima, maji yake maangavu na hayana chumvi. Choo cha jirani kiko nyuma ya ukuta. Dalali anasema mtaa ni safi na tulivu, na nilipokwenda saa nne asubuhi sikuona tatizo. Nipime nini?
Msomaji, Tanga

JIBU: Saa nne asubuhi karibu kila mtaa ni mtulivu. Rudi Jumamosi saa tatu usiku, kisha rudi tena mara baada ya mvua kubwa. Pesa ya vipimo, hata hivyo, ielekeze kisimani.

Uangavu wa maji hausemi lolote kuhusu vimelea vya kinyesi. Kati ya kisima na choo cha shimo hushauriwa zipatikane mita 30 au zaidi, lakini kipimo hicho ni cha udongo unaochuja. Tanga ni nchi ya chokaa. Hata mapango ya Amboni yamechimbwa na maji ndani ya jiwe hilo. Penye nyufa za chokaa, maji machafu hupita bila kuchujwa. Kwa hiyo pima kwa futi kamba hadi kila choo na karo, pamoja na za majirani, lakini usiutegemee umbali peke yake.

Chukua chupa iliyotakaswa maabara, si ya soda. Usiguse mdomo wa chupa wala ndani ya kifuniko. Ishushe kwa kamba safi bila kugusa kuta za kisima, iache na nafasi kidogo juu, iweke kwenye barafu, na ifike maabara ndani ya saa 6. Omba wapime E. koli, bakteria wa kinyesi, ambayo haitakiwi kuonekana kabisa katika mililita 100, na naitreti, kemikali ambayo mara nyingi hutokana na kinyesi au mbolea, isiyotakiwa kuzidi miligramu 50 kwa lita kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Usiache naitreti kwa kubana matumizi: muuzaji akimwaga klorini, dawa ya kutakasa maji, jana yake, E. koli hufa, naitreti hubaki. Ukisikia harufu ya dawa, ahirisha kipimo.

Kagua kuta. Rangi mpya iliyoishia futi mbili kutoka sakafuni ina kitu inaficha. Alama ya mafuriko hunyooka kama iliyopigwa rula. Unyevu unaopanda kutoka ardhini huacha mstari uliopindapinda wenye ungaunga wa chumvi.

Uliza taka huchomwa wapi. Kizimba cha taka kikiwa kusini mwa nyumba, moshi utakufikia kusi ikivuma, takriban Aprili hadi Septemba. Aliyekwenda Januari hajui kitu. Kelele pima kwa programu ya simu, ila itumie kulinganisha saa na saa tu, maana simu hukosea desibeli kadhaa.

E. koli ikionekana, si lazima uache nyumba. Kunywa maji ya bomba, ya kisima yawe ya kusafishia nyumba, na dai punguzo la bei. Ila tanki la kisima lisiunganishwe na bomba la mamlaka: mgao ukikata, maji machafu huweza kurudi ndani ya bomba.