Kuliinua Gari la Spoti Lililo Chini kwa Matengenezo ya Nyumbani

Mtu anayemiliki Mazda Roadster, gari ambalo nje ya Japani hujulikana zaidi kwa jina la MX-5, hugundua mapema kwamba kubadilisha oili au pedi za breki si kazi ngumu. Kilicho kigumu ni kuufikia uvungu. Gari langu ni la toleo la pili, lile lililoanza kutoka mwaka 1998, na hapa Dar es Salaam ninalihudumia mwenyewe uani. Likiwa na springi zake za kiwandani, nafasi iliyopo kati ya uvungu na ardhi ni kama sentimita 13 au 14 tu, na jeki nyingi za kawaida za magurudumu, zile za tani 2, hata zikishushwa kabisa huwa na kimo kinachokaribia hicho hicho. Gari lililowekewa springi fupi haliipokei kabisa jeki ya namna hiyo.

Zipo jeki bapa ambazo kimo chake cha kuanzia hakifiki sentimita 10, na mwenye uwezo anunue. Hata hivyo, jeki bapa peke yake haimalizi tatizo, kwa kuwa mahali pa kuinulia upande wa mbele ni katikati ya krosimemba, yaani chuma kinene kilichokingama chini ya sehemu ya mbele ya gari, ambayo iko ndani sana nyuma ya bampa, na ukishaifikia, mpini wa jeki utagonga bampa kabla hujaupandisha hata nusu. Dawa ninayoitumia ni mbao mbili ngumu za inchi 2 kwa 8, zenye urefu wa futi 3 hivi, ambazo ncha zake za kupandia zimechongwa mteremko. Ninaziweka mbele ya magurudumu ya mbele, ninapanda taratibu, na inchi hizo mbili zinatosha kuipitisha jeki na kuupa mpini nafasi ya kufanya kazi. Rampu fupi za chuma sizipendekezi kwa gari la aina hii, kwa sababu mteremko wake ni mkali na mdomo wa bampa huzigonga kabla tairi halijazifikia.

Sakafu ni jambo ambalo wengi hulipuuza, nami naliona kubwa kuliko jeki yenyewe. Mkono wa jeki haupandi wima. Hupanda kwa kuchora tao, kwa hiyo gari linapoinuka lazima kimoja kati ya viwili kisogee, jeki au gari. Kwa kuwa gari umelizuia kwa kabari, jeki ndiyo inayotakiwa kusogea, na magurudumu yake madogo ya chuma yakinasa kwenye ufa wa pevingi, kichwa cha jeki huanza kuteleza taratibu kutoka mahali ulipokiweka bila wewe kutambua. Kwenye pevingi ninatandika kipande cha plaiwudi ya milimita 18 ili jeki ipate njia laini ya kutembea. Juu ya mchanga, ambao ndio sakafu ya nyua nyingi za huku kwetu, siinui gari kabisa, hata kwa plaiwudi. Ni afadhali kuomba nafasi kwa jirani mwenye sakafu ya zege.

Kabari nazo zinahitaji akili kidogo. Roadster husukumwa na magurudumu ya nyuma, na handbreki yake hushika magurudumu hayo hayo, kwa hiyo mara tu unapoinua nyuma, gia na handbreki haziwezi tena kulizuia gari. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele kabla ya kuigusa jeki.

Upande wa nyuma huinuliwa kwa kuegemeza jeki chini ya difu (boksi la gia lililo kati ya magurudumu ya nyuma), huku kipande cha raba au ubao kikiwa katikati. Kamwe usiinulie kwenye sampo, lile bakuli la oili lililo chini ya injini. Pembeni, chini ya milango, kuna ukingo mwembamba wa bati zilizochomelewa pamoja, na alama zake mbili zilizokatwa kila upande zinaonyesha mahali palipoimarishwa. Gari langu lilinifikia ukingo wa kushoto ukiwa umekunjwa na jeki ya mtu fulani wa kabla yangu, kwa hiyo sasa hutumia raba nene yenye mfereji unaoumeza ukingo huo, ili uzito ubebwe na sehemu pana zaidi. Kagua kutu kwanza: magari haya huoza hasa kwenye kizingiti cha pembeni, yaani bati la chini ya mlango, karibu na gurudumu la nyuma, na hewa ya chumvi ya pwani haisaidii. Bati likibonyea kwa kidole, hapo si mahali pa kuinulia.

Gari likishapanda, lishushie juu ya stendi za chuma, wala si juu ya bloku za saruji ambazo mafundi wengi wa barabarani huzipenda. Bloku huweza kupasuka ghafla bila kutoa ishara yoyote. Ukihitaji kuinua pande zote nne, kama kupima oili ya gia kunakotaka gari liwe sawa, panda kwa hatua ndogo, mbele kidogo na nyuma kidogo, kwa sababu kupandisha nyuma kwa mkupuo mmoja huzifanya stendi za mbele ziiname. Kisha lisukume gari kwa nguvu ukiwa umesimama nje, uone kama limetulia, na gurudumu ulilolitoa lilaze chini ya kizingiti liwe kinga gari likianguka.

Wakati wa kushusha, rudisha mbao chini ya magurudumu ya mbele kabla ya kufungua vali ya jeki, kwa maana gari likitua moja kwa moja kwenye sakafu, jeki itabaki imebanwa uvunguni. Nati za magurudumu ninazikaza mara ya mwisho tairi zikiwa zimegusa chini, kwa spana ya kupimia nguvu, kati ya nyutoni-mita (Nm) 88 na 118 kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, halafu ndipo ninaliteremsha gari kutoka kwenye mbao.