Je, Niman ni mtindo wa wavivu?

SWALI: Mhariri, nimezifuatilia filamu za Star Wars tangu utotoni, na hivi karibuni nimebishana na rafiki zangu kuhusu mitindo saba ya kupigana kwa upanga wa mwanga. Mimi naupenda Niman, yaani mtindo wa sita, kwa kuwa mpiganaji wake huchota kidogo katika kila mtindo. Wenzangu hunijibu kwamba mshika mawili moja humponyoka, na kwamba wengi wa Jedi, yaani wale walinzi wa amani wenye panga za mwanga, waliouawa katika pigano la sayari ya Geonosis walikuwa watu wa Niman. Je, mtindo huu una sifa yoyote, au ni kimbilio la wavivu wa mazoezi?

JIBU: Ndugu msomaji, sifa ya Niman ipo, tena ni kubwa, ila rafiki zako wanaitafuta mahali isipokuwapo. Wao wanaupima upanga peke yake, ilhali mtindo huu unamfaa mtu ambaye upanga ni sehemu moja tu ya kazi yake: Jedi anayeshinda akisuluhisha magomvi, akisoma au akifundisha, na ambaye hata hivyo lazima ajue kujilinda siku mambo yatakapoharibika. Ndiyo maana umeitwa pia mtindo wa wanadiplomasia.

Hiyo mitindo inayosifiwa zaidi nayo ina matundu yake. Ataru hutegemea miruko na mizunguko, kwa hiyo humchosha mpiganaji na hudai nafasi. Katika filamu ya mwaka 1999, Jedi Qui-Gon Jinn, aliyekuwa mtu wa Ataru, anabanwa na adui yake Darth Maul kando ya shimo, mahali pafinyu pasipo na pa kurukia. Maul anamgonga kidevuni kwa mpini wa upanga wake, na kabla Qui-Gon hajajiweka sawa, anamchoma tumboni. Kila nikilitazama tukio hilo huona kwamba Qui-Gon hakupungukiwa na ufundi hata kidogo, bali ufundi wake ulihitaji nafasi ambayo hakuwa nayo. Makashi, mtindo wa Count Dooku, adui wa Jedi, ni mzuri ajabu upanga unapokabiliana na upanga, lakini haukukusudiwa kuzuia risasi za watu wengi, na katika filamu ya mwaka 2005 tunaona jinsi mapigo mazito ya Jedi Anakin Skywalker yanavyouelemea.

Niman hauna tundu kubwa la namna hiyo. Hauna pia kilele kirefu, nakubali.

Lakini jambo ninalolipenda kuliko yote, ambalo hamkuligusa katika ubishi wenu, ni jinsi unavyoitumia Nguvu, yaani ule uwezo wa ajabu wa Jedi wa kusukuma na kuvuta vitu bila kuvigusa, katikati ya pigano. Fikiria wapiganaji wawili waliokingana panga karibu na vifua, adui ameushika mpini kwa mikono yote miwili, na kila mmoja anamsubiri mwenzake alegee. Mtu wa Niman huuachia mkono wa kushoto, hukunjua kiganja, na adui hujikuta amesukumwa nyuma hatua kadhaa, kifua chake kikiwa wazi. Jedi wa mitindo mingine naye anaweza kusukuma na kuvuta kwa Nguvu, lakini katika Niman jambo hilo ni sehemu ya mafunzo yenyewe, sawa na pigo la upanga, kwa hiyo halimtoi mpiganaji katika mwendo wake. Methali waliyokutolea wenzako humhusu mtu ambaye mikono yake miwili inagombana. Huyu mikono yake inasaidiana. Isitoshe, anayetamani kupigana kwa panga mbili, yaani Jar'Kai, hupata humo msingi mzuri.

Kuhusu Geonosis, hoja yao ni nzito na haifai kupuuzwa. Jedi wapatao 200 waliingia katika uwanja ule, wakazingirwa na roboti zilizofyatua risasi kutoka kila upande, na waliotoka hai walikuwa wachache. Ulinzi wa Niman dhidi ya risasi ni wa wastani, na siku ile wastani haukutosha. Soresu, mtindo wa kujikinga aliokuja kuubobea Obi-Wan Kenobi, ungewafaa zaidi. Hata hivyo, wale walikuwa walinzi wa amani walioingizwa vitani kwa ghafla, na sioni haki kuuhukumu mtindo wao kwa kazi ambayo hawakuandaliwa kuifanya.

Neno "wavivu" ndilo ninalolikataa kabisa. Kwa kuwa Niman hauna pigo moja la kutisha la kutegemea, humlazimu mpiganaji kubuni papo hapo, na asiyekuwa na ubunifu atabaki na mtindo wa kawaida mno mkononi. Waulize rafiki zako wangechagua mtindo upi iwapo wangetumwa kwenye mazungumzo ya amani bila kujua kama nyuma ya mlango yupo mtu mmoja mwenye upanga, wapo kumi wenye bunduki, au ni wazee wanaotaka kusikilizwa tu.