Jenereta stoo, hata mlango ukiwa wazi: hapana

Ndugu uliyeuliza kama jenereta ya petroli inaweza kuwashwa stoo mlango ukiwa wazi, kwa kuhofia mvua na wezi: nakuomba usijaribu. Natumia jenereta nyumbani miaka mingi sasa, na hapo silegezi hata mvua inyeshe vipi.

Kinachoua si ule moshi unaouona. Ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kufungua mlango na madirisha hakutoshi, na feni haisaidii. Huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, mtu akadhani ni uchovu tu. Aliyelala anaweza asiamke kabisa. Jirani yangu aliweka jenereta barazani, karibu na dirisha la chumba. Mkewe aliamka kichwa kikimpasuka, akawatoa wote nje. Wangeendelea kulala, sijui tungekuwa tunazungumza nini leo.

Yangu iko uani, zaidi ya mita 6 kutoka kwenye nyumba, bomba la moshi likitazama pasipo na dirisha la mtu. Juu kuna paa la bati, pembeni hakuna ukuta. Kwa wezi nimechimbia chuma kwa zege, nikaifunga kwa mnyororo. Chumbani nimeweka king'ora cha gesi hiyo, cha betri.

Umetaja pia waya wenye plagi pande zote mbili, wa kuingiza umeme wa jenereta nyumbani kupitia soketi ya ukutani. Utupe. Umeme unarudi kwenye laini ya mtaani, transfoma inaupandisha hadi maelfu ya volti, na juu ya nguzo kuna fundi anayeamini laini imezimwa. Tena ukichomoa upande mmoja, pini zilizo wazi mkononi mwako zina umeme. Mwite fundi akufungie chenjiova, yaani swichi ya kuchagua umeme wa laini au wa jenereta. Ikiwa upande wa jenereta, laini imekatwa.

Petroli usiongeze injini ikiwa moto: zima, subiri ipoe. Halafu iwashe bila mzigo, uiache itulie, ndipo uingize kifaa kimojakimoja ukianza na friji, kwa sababu kompresa yake inapoanza huvuta umeme mara kadhaa kuliko ikishatulia. Taa na chaja zifuate baadaye.